Siku Tuliyozipima Risasi za Kaka

Kaka yangu alinifundisha kutumia bastola mwaka niliofiwa na mume wangu. Hakusema kwamba ananitafutia cha kunitoa kwenye msiba. Yeye si mtu wa maneno ya namna hiyo. Alikuja kwangu Ghubra, hapa Oman, Jumamosi moja asubuhi, akanikuta nimekaa jikoni naangalia birika ambalo sikuwa nimelibandika motoni, akasema, "Vaa viatu vya kamba. Twende." Nikavaa, tukenda.

Alinipeleka kwenye kilabu cha shabaha alichojiunga nacho alipostaafu upolisi. Kazini alikuwa mwalimu wa bastola, na vijana waliopita mikononi mwake wengine sasa ni maofisa wakubwa. Lakini ukiwauliza hao wanafunzi wake alikuwa anawaambia nini, watakwambia: hakuna. Kaka hakufundisha kwa mdomo. Alisimama nyuma yako, akakusukuma kiwiko kidogo, akakugeuza bega, akakugonga kidole kilichokaa vibaya. Kisha akachukua bastola mwenyewe, akapiga mara tano, akakurudishia. Matundu yake matano ungeweza kuyafunika kwa sarafu. Hilo ndilo lilikuwa somo.

Tangu siku ile Jumamosi zangu zikawa za uwanjani. Nilikuwa bado nafanya kazi kwenye maabara ya kupima maji, na wenzangu walishangaa kusikia mama wa makamo, mwenye wajukuu, anakwenda kupiga bastola. Mimi nilikipenda kile kimya kinachokuja ukishavaa vifuniko vya masikio. Ukishaishika bastola, huwezi kuwaza kitu kingine. Kwa mwaka ule wa kwanza, hiyo peke yake ilinitosha.

Mambo yalianza kilabu kilipobadilisha risasi. Zile za zamani zilikuja kwenye visanduku vyekundu. Hizi mpya, za kiwanda kingine, zilikuja kwenye visanduku vya kijivu. Ukubwa ni ule ule, na rangi ya shaba ni ile ile. Tofauti pekee ni maandishi madogo ya kiwandani kwenye kitako cha kila risasi. Kaka alipiga kisanduku kizima cha kwanza, akaitazama karatasi ya shabaha kwa muda mrefu, kisha akaikunja na kuitia mfukoni. Sikuwahi kumuona akikunja karatasi yake. Kawaida huiacha mezani watu waione.

"Risasi hizi si risasi," alinambia tulipofika garini. "Husikii mlio wake? Kama mtu anakohoa."

Jumamosi iliyofuata ikawa vile vile, na ile baada yake mbaya zaidi. Miezi miwili baadaye alikuwa hasemi tena kwamba kiwanda ni kibaya. Sasa alimsema mtunza stoo.

Mtunza stoo alikuwa mtu mpole wa miaka hamsini na kitu, ambaye wazee wake walirudi Oman kutoka bara, pande za Tabora. Kiswahili chake kilikuwa cha kule, na salamu zake za kule: akimwona kaka alimwamkia "shikamoo mzee" kwa kuinama kidogo, wakati sisi tumezoea sabalkheri yetu. Kaka alianza kusema kwamba mtu huyu anazima kiyoyozi cha stoo wikendi, risasi zinapikwa na joto, baruti inaharibika. Halafu akaandika barua kwa kamati ya kilabu kumshitaki kwa uzembe. Alinisomea barua ile nyumbani kwake Mabela, mbele ya wifi yangu.

"Una hakika na unayoyasema?" nilimuuliza.

"Nna hakika na macho yangu. Miaka arubaini nnapiga bastola. Watu wa bara hawa hawajui kuweka vitu."

Wifi akaweka chini sinia la vikombe. "Watu wa bara! Na wewe ulizaliwa wapi, bwana? Si ng'ambo hiyo hiyo?"

"Mimi nimezaliwa Unguja."

"Haya, Unguja. Basi Mungu akuzidishie Uunguja wako."

Nilicheka, naye kaka akacheka kidogo. Lakini nilipomfuata wifi jikoni, sikumkuta anacheka. Alifungua bomba, akaacha maji yapige kelele, kisha akanambia kwa sauti ya chini, "Vifungo vya kanzu siku hizi nnamfunga mimi. Anasema vidole vinamfa ganzi kwa baridi ya kiyoyozi. Mwezi wa saba huu, wifi. Baridi gani?"

Nilikuwa nimeshaona tangu Ramadhani, siku alipokuja kufuturu kwangu, kahawa inavyocheza kwenye finjani mkononi mwake. Aliishika kwa mikono miwili. Nikajiambia ni njaa ya saumu. Baada ya Idi nikajiambia ni umri. Mimi, niliyetumia maisha yangu yote ya kazi kuwaambia watu ukweli kuhusu maji wanayokunywa, nilikuwa sitaki kukisema kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Wala siku ile sikukisema. Nilichofanya ni kupendekeza kipimo.

"Kaka," nilimwambia niliporudi sebuleni, "ukenda kwenye kamati na maneno matupu watasema umevizoea tu visanduku vyekundu. Nenda na vipimo. Tuzipige zote mbili, za zamani na mpya, siku moja, bastola moja, na anayepiga asijue anapiga zipi."

"Asijue kwa nini?"

"Kwa sababu mtu akijua, huona anachotaka kukiona. Sisi maabara chupa tulizipa namba tu. Anayepima hakuambiwa maji yametoka kisima gani."

Akafikiri. "Sawa," akasema. "Mimi sihitaji kuambiwa. Mkono wangu utajua."

Bado alikuwa na risasi za zamani sitini na kitu kwenye kabati lake la pale kilabu. Nilikwenda mwenyewe kumweleza mtunza stoo. Nilidhani atakataa, maana barua ilikuwa imeshamfikia. Alinisikiliza akiwa ameegemeza viwiko kwenye dirisha la stoo.

"Mimi nitasaidia, mama," akasema. "Hata magazini ya bastola nitaijaza risasi mimi. Lakini mzee awepo, aone kwa macho yake. Nimechoka kusemwa nikiwa sipo. Na kama ni mbovu kweli, mimi mwenyewe nitasimama mbele ya kamati niseme ni mbovu."

Tukasubiri joto lipungue. Mwezi wa kumi na moja, Jumamosi asubuhi, tulikuwa watatu kwenye mstari wa kupigia: kaka, mimi, na mtunza stoo kwenye meza nyuma yetu. Msimamizi wa uwanja alitupa upande wa mwisho, baina ya kuta mbili ndefu, peke yetu. Shabaha zilikuwa mita kumi na tano, si mbali, na mbele ya mpigaji tuliweka mfuko wa mchanga wa kuegemezea mikono, ili tupime risasi, tusipime uchovu wa mabega.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mtunza stoo anageuka, anajaza risasi tano za aina moja, aina aitakayo, ananipa magazini bila kusema neno. Mpigaji anapiga tano. Mimi naokota maganda matano yaliyotemwa na bastola, nayatia kwenye kikombe cha karatasi chenye namba, na namba ile ile naiandika kwenye karatasi ya shabaha. Hatusomi kitako cha ganda lolote mpaka mwisho. Maganda yenyewe yangetuambia ni risasi zipi, na hakuna ambaye angeweza kumtuhumu mwenzake kwa ujanja. Kaka apige mara sita, kisha mimi mara sita.

Kaka akakaa. Alipiga tano za mwanzo polepole, kwa heshima yake ile ile ya siku zote, akipumua katikati. Akavua kifuniko cha sikio moja.

"Mpya," akasema.

Nikaandika: anasema mpya. Nikaiendea shabaha. Matundu yalikuwa yametawanyika kama mtama uliomwagiwa kuku, mengi chini, kushoto. Niliirudisha karatasi nikiwa nimeigeuza upande wa nyuma.

Mara ya pili akasema, "Za zamani hizi. Unasikia teke lake?" Nikaenda kuchukua karatasi. Matundu yalikuwa yale yale, kama mtama ule ule.

Mara ya tatu, ya zamani. Ya nne, mpya. Ya tano, mpya. Ya sita akacheka kabla hajavua kifuniko, akasema, "Nyekundu. Hii wallahi hata nikiwa usingizini nitaijua." Mimi nilikuwa nimeshika karatasi sita, na karatasi sita zile zilifanana kama watoto wa tumbo moja.

Zamu yangu ikafika. Niseme kweli kwamba nilitamani msimamizi atangaze uwanja umefungwa. Nilikaa, nikaweka mikono kwenye mchanga, nikapiga tano. Mlio ulikuwa mkali, bastola ikanirudi kiganjani kwa nguvu, na maganda yakaruka mbali, hatua tatu au nne kulia kwangu. Shabaha ilipoletwa, matundu yangu yalikuwa yamekaa pamoja, ningeyafunika kwa kitako cha kikombe cha chai. Kaka aliitazama karatasi yangu. Zake hakuwa ameziona bado.

Magazini ya pili. Risasi ya kwanza ilitoka laini. Ganda halikuruka, lilianguka karibu na kiatu changu. Hapo nikajua kama alivyojua yeye: mpya. Na nikajua jambo la pili. Nikizipiga hizi vizuri, basi hakuna kilichobaki cha kulaumiwa isipokuwa mkono wa kaka yangu. Nikizipiga vibaya, atakwenda nyumbani na risasi zake mbovu, na mkono wake utabaki mzima wiki moja nyingine, mwezi mmoja mwingine. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Kidole kilihitaji kwenda haraka kidogo tu.

Nikapiga ya pili, nikaitupa kushoto.

"Weka chini," kaka alisema nyuma yangu.

Nikaiweka bastola mezani, mdomo wake ukitazama shabaha. Sikugeuka.

"Hiyo umeitupa."

"Imeniponyoka."

"Haikukuponyoka. Nimekufundisha mimi. Kiwiko chako nnakijua kuliko unavyokijua wewe." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, na ndiyo iliyoniumiza, kwa sababu mimi nilidhani mgonjwa ni yeye. "Unanifichia nini?"

Mtunza stoo alikuwa pale pale mezani, magazini mkononi. Nilimuona kwa pembe ya jicho akiangalia sakafu.

"Kaka..."

"Piga kama ulivyofundishwa. Usinifanyie mie hivyo."

Macho yangu yalikuwa yamejaa, na mtu mwenye machozi hafai kushika silaha. Nikaomba dakika. Alinipa leso yake. Kisha nikaishika bastola nikapiga tatu zilizobaki, na zote zikaenda katikati zikakaa pamoja. Nikamaliza mara nne zangu nyingine. Laini au kali, ganda lianguke karibu au mbali, matundu yalikuwa yale yale, ukiacha moja lililokuwa peke yake huko kushoto.

Nilizipanga karatasi zote kumi na mbili mezani, zake juu, zangu chini, kila moja na kikombe chake. Kaka alivaa miwani. Alitaka kusoma maganda mwenyewe. Akatia vidole kwenye kikombe cha kwanza, akalishika ganda, likamtoka likarudi kikombeni. Akalishika tena. Likagonga ukingo, likaanguka mezani, likabingirika. Mtunza stoo alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Tukasubiri. Mara ya tatu alilipata, akalisogeza karibu na miwani, akasoma.

"Mpya," akasema. "Nilisema mpya."

Vikombe vyake vyote sita alikuwa amepatia. Hata kimoja hakukosea. Alijua kila risasi kwa mlio wake na kwa namna ilivyomrudi kiganjani, na alikuwa kweli tangu siku ya kwanza: risasi mpya zilikuwa laini kuliko za zamani. Sisi wengine hatukuwa tumeligundua hilo kabla ya siku ile. Aliinua kichwa kama mtu aliyeshinda kesi, kisha akatazama zile karatasi, mstari wa juu na mstari wa chini, na nikamuona anazisoma.

Mtunza stoo akawahi. "Mzee, siku moja haitoshi kupima. Leo na upepo ulikuwepo kidogo."

Kaka akavua miwani. "Upepo gani, bwana, baina ya kuta hizi?" Akainua mkono wake wa kulia mbele yake, kiganja chini, kama alivyokuwa akiwaonyesha wanafunzi wake. Tukautazama sote watatu. Ulikuwa unacheza. "Huu ndio upepo," akasema.

Niliendesha mimi kurudi. Kabla ya siku ile hakuwahi kuniruhusu kuliendesha gari lake. Tulipokaribia Mabela akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Na mke wangu?"

"Kabla yangu."

"Na nyote mkanyamaza."

"Na wewe ulinyamaza."

Akageuza uso dirishani. "Mimi tangu mwaka jana," akasema. "Nikadhani nikipata risasi nzuri itaondoka."

Daktari alichukua muda mfupi kuliko tulivyotarajia. Alimwambia atembee, akunje ngumi, aandike jina lake. Maandishi yake yalianza makubwa yakaishia madogo kama chungu wanaotambaa. Ni yale maradhi ya kutetemeka, ambayo hayaponi ila yana dawa ya kuyapunguza makali. Wifi alilia kwenye ukumbi wa hospitali, kaka hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama anaweza kuendelea kushika silaha, na daktari, ambaye alikuwa kijana, alitafuta maneno mpaka kaka akamhurumia: "Basi, mwanangu. Nimeshajibiwa." Bastola yake aliirudisha kwa taratibu zinazotakiwa, yeye mwenyewe, bila ya kutuambia. Tuliona tu karatasi ya kupokelewa kwake.

Kamati ilipokutana alivaa kanzu iliyopigwa pasi, kilemba, na wifi akamfunga vifungo. Nilikuwemo chumbani, kama mwanachama. Alisimama akasema barua yake isomwe mbele ya watu, yote, isikatwe. Iliposomwa akasema, "Nimemsingizia mtu. Risasi mpya ni laini kidogo, hilo ni kweli, na kilabu mkitaka mnaweza kulizingatia. Lakini kwa mwenye mkono mzima hazina tofauti. Dada yangu ana vipimo. Stoo haina kosa. Kosa ni mkono wangu, na kosa kubwa zaidi ni ulimi wangu." Akamgeukia mtunza stoo aliyekuwa amekaa karibu na mlango. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimesamehe, mzee," yule akajibu.

Lakini mtu kusema amesamehe si kusamehe, na mimi sikumlaumu. Wiki nyingi alimwamkia kaka kwa shikamoo fupi, akarudi ndani ya dirisha lake. Kaka aliendelea kuja kila Jumamosi, akakaa kiti cha nyuma kutazama wengine. Nilimuuliza mara moja kwa nini anajitesa. Akasema, "Nikikaa nyumbani itakuwa nimekimbia."

Kisha, mwaka mpya ulipoanza, mtunza stoo alikuja na mkewe. Mwanamke mnene, mcheshi, sauti yake unaisikia kabla hujamwona, alikulia Tabora na haoni haya kuuliza. Mtunza stoo alimleta moja kwa moja kwenye kiti cha kaka.

"Mzee, shikamoo. Huyu mke wangu anataka kujifunza. Nimemwambia hapa mwalimu ni mmoja."

Kaka akamtazama. "Mimi siwezi tena kuonyesha, bwana. Unajua."

"Basi mwambie kwa mdomo."

Kwa mdomo! Nilitaka kucheka. Somo la kwanza lilikuwa mateso kwa pande zote mbili. Kaka alisema, "Shika vizuri," yule mama akauliza, "Vizuri ndiyo vipi?" Kaka akasema, "Usiishike kwa nguvu," akaulizwa, "Nguvu kiasi gani, kama ya kusonga ugali au ya kushika yai?" Kaka akanigeukia mimi kutaka msaada, nami nikajifanya nasafisha miwani. Hakuwahi maishani mwake kuulizwa vipi. Miaka yote alikuwa akijibu kwa mkono.

Akaanza kutafuta maneno. Nilimsikia kwenye gari akijisemea. Wifi alinambia anayatafuta hata mezani, anashika kijiko na kukiachia, anatikisa kichwa. Jumamosi ya nne au ya tano walikuwa kwenye kufyatua, na yule mama alikuwa anakivuta kifyatulio kwa pupa, kila risasi inazama chini.

"Polepole," kaka akasema.

"Naenda polepole, mzee!"

"Siyo polepole ya kuchelewa. Ngoja." Alifumba macho. Mkono wake ulikuwa unacheza juu ya goti na safari hii hakuuficha. "Umewahi kununua embe sokoni?"

"Mara elfu."

"Unapotaka kujua limeiva, na muuzaji anakutazama, hataki ulibonyeze. Unafanyaje?"

Yule mama akacheka. "Nalibonyeza hivi hivi, kama silibonyezi. Mpaka nisikie limekubali."

"Basi," kaka akasema. "Bonyeza hivyo."

Yule mama akageuka, akavaa vifuniko vyake, akapiga. Kaka hakuitazama shabaha. Alikuwa anatazama kiwiko cha mwanafunzi wake.

"Tena," akasema.